Titi bandia nje, maji ndani!

Leo nawaomba kina kaka wasikimbilie ukurasa wa michezo, wabaki nasi kidogo, maana haya mambo yanaingia mpaka chumbani kwao.

Leo tuongee habari ya matiti bandia. Najua kuna mtu keshaanza kucheka. Cheka, ukimaliza usome. Sizungumzii kuyaweka, hilo limeshasemwa mpaka basi. Nazungumzia kuyatoa, na yale maji yanayobaki nyuma yakishatoka.

Ninaye dada yangu, mtoto wa mama mkubwa. Jina lake nimelifungia kabatini, ila ruhusa ya kusimulia kanipa mwenyewe. Kaniambia, "Andika, mdogo wangu, wenzangu wasije wakafanya kama mimi."

Huyu dada miaka kadhaa iliyopita alisafiri nje. Nyumbani aliaga kwamba anafuata mzigo wa nguo. Kumbe mzigo aliufuata kweli, ila ulirudi ukiwa ndani ya kifua! Aliporudi mjini alikuwa si mchezo. Akipita Sinza hata wauza mitumba wanasahau bei. Mama mkubwa alipouliza mbona mwanangu umebadilika, akajibiwa ni sidiria za kisasa. Mama wa watu akanyamaza.

Raha ikadumu, halafu la kushoto likaanza visa. Likakaza kama embe bichi. Akilalia ubavu anaamka na maumivu. Hilo si jambo la ajabu. Mwili ukiwekewa kitu kigeni hukijengea ganda la kovu pande zote. Kwa wengine ganda hukaa laini na mtu halisikii. Kwa wengine hukaza na kubana mpaka titi linakuwa gumu na kukaa upande. Dada akaona isiwe tabu, akaamua yatoke yote mawili.

Akatafuta hospitali hapa hapa mjini, akafanyiwa upasuaji, yakatoka. Lakini nyumbani akasema tena uongo mwingine. Alimwambia mama yake anatolewa "kijipu" na anarudi siku ya pili. Huo uongo mshikilieni vizuri, maana ndio uliotuletea kasheshe.

SAA TANO USIKU

Siku ya tisa baada ya upasuaji, saa tano usiku, simu inaita. Dada huyo.

"Mdogo wangu, njoo. Limerudi."

"Nini limerudi, dada?"

"Titi."

Nikadhani anaota. Nikachukua bajaji mpaka kwake. Kufika, nikaona kweli. Kulia kifua kimelala, kushoto kimetuna. Akitembea maji yanacheza ndani, chubwi, chubwi, kama dumu lililojaa nusu. Analia, anasema madaktari wamesahau kitu humo ndani.

Nikamuuliza ilikuwaje. Akasema alipotoka hospitali alikuwa na mipira miwili myembamba, mmoja kila upande, inatoa maji kutoka kwenye kidonda na kuyaingiza kwenye vichupa. Aliambiwa kila siku apime yametoka mangapi na aandike. Siku ya tano yakawa machache, mipira ikatolewa. Akapewa sidiria ya kubana aivae usiku na mchana, akakatazwa kunyanyua kitu kizito na kupandisha mikono juu ya kichwa.

Sasa hebu fikiria. Nyumbani wanajua umetolewa kijipu. Msichana wa kazi kaenda kwao. Mama mkubwa magoti yanamsumbua. Maji ya bomba yanatoka alfajiri tu. Nani atabeba ndoo? Dada akabeba. Nani atafua na kuanika? Dada akafua, akaanika, mikono juu ya kamba. Sidiria ya kubana akaivua kwa sababu joto, na pia mama asije akauliza kwa nini amejifunga kama mwanamasumbwi. Baada ya siku mbili titi "likarudi".

MADAKTARI WA MTAANI

Mambo yakivuja mjini hayakosi washauri. Jirani mmoja alishakuja mchana, akasema ni damu mbaya, ikandwe kwa maji ya moto na chumvi. Ndugu zangu, baada ya upasuaji wa kifua ngozi ya hapo mara nyingi inakufa ganzi kwa wiki, hata miezi. Ukikanda kwa maji ya moto unaweza kujibabua bila kusikia. Unaenda kutibu maji unapata malengelenge.

Dada mwenyewe naye alikuwa na dawa yake. Kwa siku mbili hakunywa maji, eti ayakaushe. Midomo imepasuka, kichwa kinamgonga, na titi liko palepale.

La kutisha zaidi lilikuwa la tatu. Kuna kijana wa duka la dawa, mtaa mzima unamwita dokta. Yeye kasema atakuja asubuhi na bomba la sindano avute yale maji. "Dakika mbili tu, sista, na bei poa." Na dada alikuwa amekubali! Hakutaka kurudi kwa daktari wake kwa sababu anaona aibu kwamba hakufuata masharti, na anaogopa mama yake akimwona anakwenda hospitali tena atauliza.

Hapo nikawa mkali, japo yeye ni mkubwa wangu. Nikamwambia dada, nyuma ya titi kuna mbavu, na nyuma ya mbavu kuna mapafu. Huyo kijana akikosea kidogo sindano inafika kwenye mapafu na hewa inavuja ndani ya kifua. Na hata asipokosea, akiingiza vijidudu kwenye maji yaliyotulia hapo ni sawa na kupanda mbegu kwenye tope. Kesho yake ni usaha.

Asubuhi tukajiandaa kuchoropoka. Mlangoni tukamkuta mama mkubwa amesimama.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba. Mnakwenda wapi na huyo mgonjwa wangu?"

Dada akaangalia chini. Mimi nikaangalia paa. Mama mkubwa akachukua khanga yake, akajifunga, akasema, "Twendeni." Njia nzima hakuuliza kitu.

SHIMO LA KISIKI

Daktari alimpokea vizuri tu. Hakufoka. Alimwangalia, akagusa, akauliza kama ana homa, kama panauma sana, kama pamebadilika rangi. Dada akasema hapana, ni kuvimba tu na kuvutavuta. Akapelekwa kwenye ultrasaundi kuhakikisha kilichomo ni maji na kiko wapi.

Halafu akatufafanulia kwa lugha ambayo hata mimi niliyeishia fomu foo niliielewa. Alisema, ukiwa shambani ukang'oa kisiki, shimo linabaki. Mvua ikinyesha shimo linajaa. Kifua chako ni hivyo hivyo. Kile kitu kilikaa hapo miaka, kilijitengenezea nafasi. Tumekitoa, nafasi imebaki. Mwili ukiwa unapona hutoa majimaji ya njano, yale yale unayoyaona yakitoka ukijikwangua goti. Kukiwa na nafasi wazi, yanakusanyika humo. Jina lake ni seroma.

Akasema tena kwamba kuta mbili za hilo shimo zinatakiwa zikutane, zigandane, shimo lijifunge. Ndiyo maana ya ile mipira na ile sidiria ya kubana. Ukibeba ndoo na kuanika nguo, misuli ya kifua inavuta kuta zinaachana, maji yanaingia katikati. Kuta zenye maji katikati hazigandani.

Dada akauliza, "Kwa hiyo ningekunywa maji?" Daktari akacheka. Akasema yale hayatoki kwenye kikombe, yanatoka kwenye kidonda. Kunywa maji yako, kula vizuri, nyama, samaki, maharage, mayai, mwili upate cha kujengea.

MATIBABU YENYEWE

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo penye faida.

Seroma ndogo mara nyingi haihitaji kuguswa. Mwili wenyewe huyanywa maji polepole, kwa wiki chache. Daktari anaangalia tu, wewe unabaki na sidiria yako ya kubana na unapumzisha mikono.

Ikiwa kubwa, inavuta ngozi, inauma au inakwenda ikiongezeka, daktari huyavuta kwa sindano. Ngozi inasafishwa kwa dawa, sindano inapita taratibu, mara nyingi kwa kuangalia kwenye ultrasaundi. Kwa dada yetu yalitoka mililita 120, karibu nusu kikombe cha chai, ya njano kama juisi ya nanasi iliyochujwa. Hata hakusikia maumivu, kwa sababu ya ile ganzi niliyowaambia.

Msidhani ukivutwa mara moja basi. Maji hurudi, na kurudi kwake si lazima kuwe kosa la mtu. Dada alivutwa tena baada ya siku nne, yakatoka 70. Wiki iliyofuata yakatoka 20. Safari ya nne daktari akasema hapa sigusi, mengine mwili utamaliza. Ukiona namba zinashuka hivyo, shimo linafunga.

Kwa wengine namba hazishuki. Hao wanaweza kurudishiwa mpira wa kutoa maji kwa siku kadhaa. Wengine daktari huwaingizia dawa maalumu ndani ya shimo ili kuta zigandane. Na wengine inabidi warudi chumba cha upasuaji, hasa kama lile ganda la kovu liliachwa ndani. Ganda lina kuta laini, na kuta laini zinaweza kugoma kushikana. Lakini kuling'oa ganda lote nako kunaacha kidonda kikubwa zaidi kinachotoa maji. Kwa hiyo suala la kutoa au kuacha ganda mzungumze na daktari kabla ya upasuaji. Lisiamuliwe na shoga yako saluni.

Na antibayotiki? Vidonge hivyo vinaua bakteria, havinyonyi maji. Kama maji ni masafi, ukimeza unapoteza mshiko wako tu. Dawa za kukojoza nazo hazisaidii hapa. Kama kuna dalili za maambukizi, hapo daktari ataandika mwenyewe, na maji yenyewe atayapeleka maabara.

LINI UKIMBIE

Kata hiki kipande ubandike kwenye friji.

Moja: titi likivimba ghafla siku moja au mbili za mwanzo, likawa gumu, linauma na kupiga rangi ya zambarau, hiyo si seroma. Inaweza kuwa damu inavuja ndani. Usisubiri kuche, nenda usiku huo huo.

Mbili: homa ya nyuzi 38 au zaidi, ngozi nyekundu au yenye joto, maumivu yanayoongezeka, usaha, harufu mbaya, au kidonda kufunguka. Hayo ni maambukizi mpaka daktari aseme vinginevyo. Kwetu sisi wenye ngozi nyeusi uwekundu hauonekani kirahisi, kwa hiyo tumia kiganja, linganisha joto la pande mbili.

Tatu: kifua kubana na pumzi kukatika. Hapo hakuna mjadala, ni hospitali.

Nne: maji yanayokuja yakiwa yamechelewa sana. Hili linahitaji maelezo.

MATITI SI YA MILELE

Huu mchezo haukuanzia Sinza. Mwaka 1962, mjini Houston, Texas, madaktari Thomas Cronin na Frank Gerow walimwekea mama mmoja aitwaye Timmie Jean Lindsey matiti ya silikoni, akawa wa kwanza duniani. Yeye mwenyewe hospitali alikwenda kufutwa tatuu za kifuani, haya mengine akashawishiwa. Tangu hapo yamewekwa kwa mamilioni ya wanawake, wengine kwa urembo, wengine baada ya kukatwa titi kwa sababu ya saratani. Tusiwasahau hao wa pili tunapocheka.

Kasheshe nazo zimekuwepo. Mwaka 1992 serikali ya Marekani iliyabana yale ya jeli ya silikoni, ikayaruhusu tena kwa upana mwaka 2006. Ufaransa mwaka 2010 kampuni ya PIP ilibambwa ikijaza matiti kwa silikoni ya viwandani badala ya ile ya hospitali. Mwishoni mwa 2011 serikali ya huko ikawashauri wanawake 30,000 hivi wakayatoe. Mwenye kampuni, Jean-Claude Mas, alihukumiwa kifungo cha miaka minne mwaka 2013.

Julai 2019 ikaja nyingine. Kampuni ya Allergan iliyaondoa sokoni dunia nzima matiti yake ya aina ya Biocell, yale yenye ngozi ya kukwaruza. Sababu ni saratani adimu ya mfumo wa limfu inayoota kwenye ganda linalozunguka titi bandia. Dalili yake kubwa mara nyingi ni maji, titi kuvimba ghafla miaka mingi baada ya kuwekwa, mara nyingi 7 mpaka 10. Ikigunduliwa mapema, wengi wanapona kwa kutolewa titi na ganda lake.

Kwa hiyo, dada uliye nayo bado ndani, ukiona upande mmoja umevimba na ulishamaliza mwaka au zaidi tangu uwekewe, usiseme ni hedhi. Nenda, maji yavutwe na yapelekwe maabara kupimwa saratani hiyo. Na wewe uliyeyatoa, maji ya wiki za mwanzo kwa kawaida ni seroma ya kidonda, lakini yakija baada ya miezi, nayo yakapimwe. Ambaye yuko salama hana dalili yoyote asidate. Wakubwa wa afya wa Marekani hawakumwambia kila mwenye Biocell akayatoe kama hana tatizo.

Wakati huo huo wakubwa hao wanasema wazi kwamba matiti bandia si vitu vya kukaa maisha yote. Kadiri yanavyokaa ndivyo uwezekano wa kurudi kwa daktari unavyoongezeka. Maana yake, anayeweka leo ajue bajeti yake ina safari mbili, ya kwenda na ya kurudi. Na ile kadi unayopewa yenye jina la kampuni, aina na namba, itunze kama cheti cha kuzaliwa. Daktari wa dada aliiulizia kabla ya kumgusa.

MAMA MKUBWA ANENA

Siku ile tukiwa tunatoka kwa daktari, dada akaona bora amalize. Pale kwenye benchi la kusubiri akamwambia mama yake ukweli wote, safari, mzigo, sidiria za kisasa, kijipu. Mimi nikajifanya nasoma mabango ya malaria ukutani.

Mama mkubwa akamwacha amalize. Halafu akasema, "Mwanangu, mimi nimekuogesha toka mchanga. Ulidhani mwili wako siujui? Niliona toka siku uliyorudi. Nilikuwa nasubiri uniambie. Sasa ungenambia juzi, ile ndoo ungebeba wewe?"

Dada akaangua kilio, na mimi nikalia, na nesi aliyekuwa anapita akadhani tumefiwa.

Kuanzia siku hiyo mama mkubwa, magoti na yote, akahamia chumbani kwa dada. Ndoo akaitiwa kijana wa mtaani kuzibeba. Nguo akaanika yeye mwenyewe. Sidiria ya kubana anaikagua asubuhi na jioni kama mwalimu wa zamu. Wiki sita zilipokwisha kifua kimelala, kovu mbili, na dada analala ubavu wowote anaotaka.

Shangazi yangu mtaalamu, yaani mimi, nawashauri hivi. Kama unataka kuweka, hilo ni lako. Kama unataka kutoa, hilo nalo ni lako, na wala usione umeshindwa. Lakini mtafute mtu mmoja nyumbani umwambie ukweli kabla ya kwenda, mama, dada, mume, shoga, yeyote mwenye mikono miwili. Utamhitaji akubebee ndoo, na utamhitaji usiku ule simu itakapoita saa tano. Na daktari wako usimfiche kitu, hata kama ulivunja masharti. Yeye ameshaona mengi kuliko hayo yako.

Na wewe kijana wa duka la dawa, ukinisoma, bomba lako la sindano likae kabatini.

Kwa leo naishia hapa. Panapo majaliwa tukutane wiki ijayo ukurasa huu huu. Nawapenda wote!